Milima Uliyotusimulia, Baba Adela

Kirushya, mwisho wa kiangazi

Baba Adela,

Barua huanza kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikijiuliza nikuulize nini, wewe uliyelala ng'ambo ya mpaka wa Uganda, mahali ambapo sijapaona hata mara moja. Basi nitaanza na hali yetu. Mama yako ni mzima, anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Adela amerudi shuleni. Mimi ni mzima. Na tumekwenda, Baba Adela. Tumekwenda na tumerudi, njia yote uliyoipanga, isipokuwa kipande kimoja nitakachokueleza.

Tumeiona.

Nimeandika neno hilo nikaiweka kalamu chini, nikatoka kuwafukuza kuku kwenye maharage yaliyoanikwa, nikarudi. Sijui nianzie wapi. Wewe ulikuwa unaanzia daraja la Rusumo siku zote. Ulichukua kijiti, ukachora uani. Rusumo ulikuwa unaiweka karibu na jiko, Kigali chini ya dirisha, na Ziwa Kivu ulilipa nafasi kubwa pale tunapoanikia muhogo, kwa sababu ulisema ziwa lile halifai kubanwa. Kisha ulikuwa unashuka na kijiti mpaka Bujumbura, penye Ziwa Tanganyika, halafu unapanda milima ya Burundi na kutokea Kobero, mpakani, halafu nyumbani. Mzunguko mzima. Kuku walipita juu ya Kivu na wewe ukawakemea kama watoto waliokanyaga chakula. Mimi nilikuwa namenya ndizi, nikakwambia, "Sogeza ziwa lako, nataka kupita na maji." Ukasogea wewe, ziwa hukulisogeza.

Unakumbuka majirani? Tangu tuhamishiwe kijijini na nyumba zetu kupangwa mstari mmoja kando ya barabara, mtu akikohoa nyumba ya kwanza anaambiwa pole kutoka nyumba ya mwisho. Hukuwa na namna ya kupanga safari kwa siri. Mstari mzima uliijua. Wengine walikuwa wanasimama nje ya ua kuuliza mmefika wapi leo, kana kwamba tulikuwa tayari barabarani. Mama Domisiana alishikilia tusilale Ruhengeri kwa sababu ya baridi, akabishana nawe mpaka uji ukaungua, na yeye hajawahi kufika hata Biharamulo. Lakini wote, hata yeye, walikuwa wanaishia kwenye swali lile lile. Mnakwenda kwenye msiba? Hapana. Kuna harusi? Hapana. Biashara? Hapana. Sasa mnakwenda kufanya nini?

"Kuangalia," ulikuwa unajibu.

Walicheka. Na mimi nilicheka, usifikiri nilikuwa upande wako siku zote. Mtu kuacha shamba na kuvuka nchi tatu kwenda kuangalia, kisha arudi mikono mitupu! Lakini ulilisema neno hilo kwa namna ambayo kicheko changu kilikuwa hakifiki mwisho.

Jambo walilokuwa hawalijui majirani ni kwamba wewe mwenyewe ulikuwa hujawahi kuvuka Rusumo. Uliendesha lori la misheni miaka yote ile, Mwanza, Bukoba, Biharamulo, na ng'ambo hukuwahi kukanyaga. Barabara zote zile ulizipata Lusahunga. Madereva wenzako walikuwa wakisimama pale wanakula, wananyoosha migongo, wanalala chini ya malori yao. Wewe ulikuwa unawatafuta wanaotoka Rwanda, Burundi na Zaire, unakaa nao na kikombe cha chai, unauliza. Kilima kile kinapandwa kwa gia gani? Ukitaka kuuona mlima vizuri unasimama wapi? Watu wa kule wanapokea wageni? Walikuona mtu wa ajabu, lakini dereva akipata mtu wa kumsikiliza hasemi kidogo. Wenzako walikuwa wanarudi nyumbani na chumvi na vitenge. Wewe ulirudi na kona za barabara.

Na Landrova ile uliyoinunua kutoka kwa padri mzungu mzee alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, haina matairi, imefunikwa turubai, migomba imeizunguka. Ulikuwa unairudishia viungo pole pole, leo rejeta, mwezi mwingine springi. Kila mwaka ulisema itakuwa kiangazi kijacho, Adela akiwa likizo.

Kisha ikaja ile habari ya mlima wa moto. Ulikuwa umepanga tulale siku moja Gisenyi tuone anga linavyokuwa jekundu juu yake. Dereva mmoja akakwambia Lusahunga kwamba moto ule umepasua mlima ubavuni na kumwagika, umefunika vijiji, na huko juu sasa ni giza. Uliporudi ulikaa siku kadhaa bila kugusa kijiti. Halafu asubuhi moja ukaniambia, "Mama Adela, basi tutakwenda kuona ulipopita."

Vita na Uganda vilipokuja, askari walipita kukusanya magari. Waliifunua turubai, wakaiangalia Landrova juu ya mawe yake, wakacheka, wakaifunika tena. Lori la misheni wakalichukua, na wewe ndani yake, kwa kuwa lilikuwa halimtii dereva mwingine. Sikulia siku ile. Nilijua unakwenda kubeba mchele na unga wa wanajeshi, nikadhani anayebeba unga hafi. Uliniambia niifunge turubai vizuri kwa sababu mvua zilikuwa zinakaribia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwako. Niliifunga vizuri.

Aliyeleta habari ni Kasto, rafiki yako, aliyekuwa anaendesha lori lililofuata nyuma ya lako. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa koti lako. Nilipoliona koti sikuhitaji maneno. Alisema ni bomu lililofukiwa njiani. Alisema hukuteseka, na mimi nimeamua kumwamini. Alisema walikuzika chini ya kilima na yeye mwenyewe alishika sepetu.

Sitaandika juu ya miezi iliyofuata. Uliyajua machozi ya mama yako.

Nitakuandikia juu ya siku niliyokuwa napalilia maharage, peke yangu, nikasikia mtu anasema, "Ukitoka Kibungo barabara inapanda, halafu unaanza kuona maji kushoto." Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nasema mimi. Nikaendelea, nikaogopa lakini nikaendelea, nikapita Kigali, nikapita Ruhengeri, nikajua pa kulala, nikajua kilima cha gia ya kwanza na kisima kilipo. Yote yalikuwemo, Baba Adela. Miaka yote niliyodhani namenya ndizi tu, ulikuwa unanipakia mzigo na mimi sikuusikia uzito wake. Nilikaa chini pale pale kati ya matuta.

Ukoo ulipokaa kumaliza matanga, kaka yako Kalisti aliomba gari. Hakuomba vibaya. Ana watoto wengi na mazao yake yanaozea nyumbani kwa kukosa usafiri. Wazee wakakubaliana naye, mimi nikainamisha kichwa. Ndipo mama yako akasema, pale alipokuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Unajua katika vikao hasemi.

"Kalisti, nimekuzaa wewe na nimemzaa yeye. Gari utalichukua. Lakini lina safari yake. Kwanza liende."

Kalisti akamuuliza, kwa heshima, nani atakwenda nalo.

"Mkwe wangu anaijua njia. Kasto anajua kuendesha. Mtoto atakuwa likizo." Akavuta khanga yake. "Na mimi nitapanda."

Mama yako! Aliyekuwa anafumba macho hata kwenye baiskeli! Kalisti alimtazama, kisha akacheka polepole, akasema, "Haya mama. Mkirudi."

Kasto alileta matairi, yamechoka lakini yanashika upepo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua ya kibali cha kuvuka mpaka. Unakumbuka alivyokurudisha wewe? Alisema serikali haiwezi kugonga muhuri kwenye mchezo. Safari hii alinikaribisha kiti, akanipa pole tena, akachukua kalamu.

"Sababu ya safari?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini, Mama Adela?"

"Milima na maziwa."

"Halafu?"

"Halafu kurudi."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akaandika maneno yale yale niliyoyasema, kuangalia milima na maziwa na kurudi, akayagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Aliponipa karatasi akasema, "Ukirudi upite hapa uniambie."

Petroli ndiyo iliyokuwa shida. Tangu vita viishe haipatikani. Kasto akanichukua mpaka Lusahunga kwenye lori la watu, tukakaa na madebe mawili matupu pale malori yanaposimama. Alikuwa anawaeleza madereva mmoja mmoja gari ni la nani. Wengine walikuwa wamesikia habari zako, wengine ndiyo kwanza wanasikia pale, wanavua kofia. Akaja mzee mmoja kutoka Rwanda, mfupi, ana ndevu nyeupe. Kasto alipotaja jina lako, yule mzee akapiga kelele.

"Gerevazi? Yule wa maswali?"

Akaanza kuwaita wenzake. Yule wa maswali! Aliyeniuliza juu ya maziwa mawili ya Ruhengeri! Mwingine akasema uliwahi kumshikilia mpaka chakula chake kikapoa ukitaka kujua daraja fulani ni la mbao au la chuma. Walikuwa wanacheka na kufuta macho. Kisha yule mzee akachukua mpira, akanyonya petroli kutoka kwenye tangi la lori lake, akaitia kwenye debe letu moja. Mwingine akafuata. Hakuna aliyetoa nyingi, maana wote walikuwa na safari. Lakini tuliondoka pale na debe limejaa na jingine limejaa.

Mstari mzima uliamka kutuaga. Walituletea viazi vitamu vilivyochemshwa, maharage, mkungu wa ndizi. Mama Domisiana alileta blanketi lake kwa ajili ya Ruhengeri, akaniagiza mbegu za viazi mviringo. Kasto alizungusha hendeli, gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likawaka. Mama yako alikuwa amekaa mbele, ameshika rozari kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili. Adela na mimi tulikaa nyuma na mizigo. Tulipoipita nyumba ya mwisho nilianza kulia na sikuweza kujua ni kilio cha nini.

Rusumo tuliisikia kabla ya kuiona. Ulikuwa umeniambia maji yanaanguka chini ya daraja. Hukuniambia kwamba daraja linatetemeka miguuni. Tulishuka na kuegemea chuma, maji ya Ruvubu na ya Kagera yameshakutana, yanapita hapo chini kwa hasira, moshi wa maji unapanda mpaka usoni. Tumekunywa maji ya mto ule tangu kuzaliwa, Baba Adela. Tumefulia. Sikujua kama yana sauti hiyo. Mama yako alipiga ishara ya msalaba, akaniuliza kama huko mbele kuna makubwa kuliko haya. Nikamwambia hata hatujaanza.

Nilikuwa nawaongoza. Nisikie vizuri: mimi, niliyekuwa sijavuka Biharamulo, nilikuwa nyuma ya Kasto nikimwambia punguza, inakuja kona mbaya, na kona inakuja. Nikisema hapa patakuwa na maji kushoto, maji yapo. Kila mara Adela alikuwa ananigeukia. Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye tuliacha kucheka, tukawa tunanyamaza tu kila jambo lilipotokea pale uliposema litatokea. Ilikuwa kana kwamba umetangulia mbele yetu kidogo, nyuma ya kilima kinachofuata.

Na mama yako aliongea njia nzima. Kihangaza chake wanakielewa kote. Alikuwa anawasalimu watu kupitia dirishani na wanamjibu, anauliza bei ya maharage, anauliza mvua zilikuwaje. Yule mama ambaye hapa kwenye ofisi ya kijiji hanyanyui mdomo kwa sababu Kiswahili kinamshinda, Rwanda alikuwa mwenyeji.

Ruhengeri tulifika hewa imejaa moshi wa mashamba yaliyochomwa. Hatukuona kitu. Ulikuwa umesema hapo milima itatusimamia kichwani, na sisi tulikuwa tunaona migomba na ukungu wa kijivu. Mama yako alikuwa amechoka, mgongo unamuuma. Alisema, "Mwanangu alidanganywa na wale madereva. Hakuna mlima hapa." Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya misheni, tumejifunika blanketi la Mama Domisiana na bado tunatetemeka, na mimi nilikuwa nimevunjika moyo.

Asubuhi nilitoka kunawa uso. Niliinamia beseni, maji baridi yakanikata pumzi, nikainua kichwa.

Mlima ulikuwa pale.

Nilikuwa nautafuta mlima kule ambako milima hukaa, chini, mwisho wa mashamba. Huu ulianzia mashambani ukaendelea. Nilipandisha macho, nikapandisha, shingo ikauma, nikakuta ukanda wa mawingu, nikadhani umekwisha, na juu ya mawingu ukaendelea tena, mweusi, umechongoka, jua limegusa ncha yake tu. Na pembeni yake mwingine. Na mwingine. Nilimwita Adela aje aone. Mama yako alitoka mwenyewe, kitambaa mkononi, hajafunga kichwa. Akasimama kando yangu. Tulikaa hivyo mpaka miguu ikaganda kwa umande.

Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa, "Kumbe jana tulipokuwa tunausengenya ulikuwa umesimama hapa hapa."

Kisha akauomba radhi mlima. Kweli. Akainamisha kichwa na kuuomba radhi, pamoja na wale madereva aliowasingizia.

Gisenyi, askari wa mpakani upande wa Zaire walikataa gari. Walisema watu wapite, gari libaki. Hicho ndicho kipande tulichokikosa, barabara yako ya kupitia Bukavu na Uvira. Nisamehe, hatukuwa na la kufanya. Kasto alibaki na Landrova, sisi wanawake watatu tukavuka kwa miguu, tukaenda mpaka nje ya mji wa Goma, upande wa kaskazini, kuona moto ulipopita.

Barabara iliingia kwenye jiwe jeusi na kufa. Jiwe hilo limetiririka, lina mawimbi na mikunjo kama uji uliomwagika ukagandia chini, na linakwenda hivyo mpaka macho yanashindwa. Kimya. Hakuna ndege. Kwenye nyufa kulikuwa na majani madogo ya kijani, mabichi kabisa, kama wino mpya. Mwanamke mmoja mzee alikuwa amekaa ukingoni na kikapu cha parachichi. Alituambia kwa Kiswahili chao, "Moto ilikuya mbio kupita motokari." Akaonyesha kwa kidole mahali ambapo sisi tuliona jiwe tu. "Nyumba yangu iko kule chini."

Mama yako akamuuliza kwa Kihangaza kama watu walitoka. Yule mama akamjibu kwa Kinyarwanda, "Mtoto wangu hakutoka."

"Wangu alikwenda na vita," mama yako akasema.

Akakaa chini, Baba Adela, juu ya lile jiwe, kando ya mtu asiyemjua. Adela na mimi tulisogea mbali kidogo. Jua lilikuwa kali, jiwe linarudisha joto, na mlima wenyewe uko juu yao umevunjika kilele, umetulia, hauna moshi wala mwanga. Nilitazama wale wazee wawili na kile kitu kikubwa nyuma yao, nikahisi miguu yangu ni midogo sana. Sikuwa na hasira. Siku ile ndiyo niliyoacha kuuliza kwa nini wewe. Sikupata jibu. Swali tu lilikaa chini, likapumzika.

Tulipoondoka, yule mama alimpa mama yako parachichi lililoiva, akakataa malipo.

Na Kivu! Ulikuwa na haki kulichorea nafasi kubwa. Tulirudi upande wa Rwanda tukafuata barabara ya kandokando yake, na barabara ile inaingia na kutoka kwenye milima kama uzi kwenye nguo, kila ukitoka ziwa lipo tena chini yako, na visiwa vyake. Nilijaribu kumwambia Adela rangi yake ni kama kitu gani. Nilianza na shingo ya tausi niliyemwona misheni, nikaacha, haikuwa hiyo. Pale Kibuye Kasto alisimamisha gari ufukweni kupoza rejeta. Watoto walikuwa wanaogelea. Mama yako akaanza kuwapigia kelele watoke, watachukuliwa na mamba. Walimcheka. Nikamwambia, "Mama, Gerevazi alisema ziwa hili halina mamba."

Unajua mama yako na maji. Mdogo wake alichukuliwa Ruvubu akiteka maji, na tangu hapo mama anasimama mbali na mto, anavuta ndoo kwa kamba. Alinitazama. Akauliza, "Alisema hivyo?" Nikasema, alisema. Akavua viatu. Akashika mkono wa Adela. Akaingia, kidole kwanza, halafu nyayo, halafu maji yakafika magotini na gauni linaelea. Akasimama. Alikuwa na umri wake wote ule na alikuwa hajawahi kusimama ndani ya maji bila kuogopa. Alitazama chini, anaiona miguu yake mwenyewe kwenye maji safi, vidole vyote. Akaanza kucheka. Baba Adela, sikuwa nimemsikia mama yako akicheka tangu lile koti lije. Kasto aligeuka akajifanya anaangalia rejeta.

Kwa neno lako tu aliingia. Nilitaka ulijue hilo.

Mengine nitafupisha, karatasi inakwisha. Springi ilikatika kabla ya Cyangugu na Kasto akaifunga kwa mpira na mti. Tuliteremka kwenye joto la bonde la Rusizi, mama yako akavua sweta mbili. Tanganyika tuliifikia Bujumbura, na pale sikuiona kuwa ziwa, niliona ukuta wa buluu, na nyuma yake milima ya Zaire imekaa kama watu waliokuja kikao. Tulipoanza kupanda milima ya Burundi gari lilichemka, tukapumzika, likachemka tena, na kila tulipopumzika ziwa lilikuwa bado lipo nyuma yetu, linazidi kushuka na kuzidi kuwa kubwa. Adela aliniuliza, "Mama, baba aliwezaje kuyajua haya yote bila kuyaona?" Nikampa kopo akachote maji ya rejeta. Nimeoa... tazama, naandika ovyo. Niliolewa na mtu aliyekuwa na haya yote kichwani, anakula ugali mezani pangu, na mimi nikimwambia asogeze miguu.

Karibu na mpaka, upande wa Burundi, Kasto alisimama juu ya kilima. Aliuliza milima ile midogo ng'ambo ni ipi. Mama yako akatazama, akakaza macho, akasema, "Ni kwetu." Tukashuka wote. Ilikuwa kwetu kweli. Ngara yetu, imelala pale na moshi wa majiko, laini, ya buluu, nzuri kama yote tuliyotoka kuyaona. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba tunakaa mahali pazuri.

Tulirudi wachafu, tukiwa na gunia la mbegu za viazi. Watu walikuja uani na viti vyao. Mama yako ndiye aliyesimulia. Alipofika kwenye mlima wa asubuhi, mwenyekiti mwenyewe alisimama kama yupo kwenye wimbo wa taifa. Kesho yake nilimkabidhi Kalisti funguo. Aliiosha Landrova mpaka nikaona rangi yake ya kwanza. Sasa inabeba maharage kwenda sokoni, na watu wakipanda hukaa juu ya magunia. Sikuumia kama nilivyodhani.

Lakini kuna jambo moja. Juzi tulikuwa tunapepeta maharage, mama yako akaniuliza barabara ya kwenda uliko wewe inapita ziwa gani. Nilikuwa sijui. Hiyo hukutuchorea. Nikamuuliza Kasto, akaniambia Biharamulo, kisha Muleba, kisha Ziwa Viktoria linakuwa mkono wa kulia mpaka Bukoba, halafu Kyaka, ambako daraja lilivunjwa vitani, halafu mpaka, halafu kilima. Anakijua kilima. Amesema kina mti mmoja mkubwa ambao si wa kwetu, hajui jina lake. Nimemwuliza njia inapanda wapi, watu wa kule wanapokea wageni, tutalala wapi. Alikaa akanitazama, akasema, "Shemeji, unauliza kama yeye."

Kwa hiyo nakuahidi. Tutakuja, mimi na mama yako na Adela, mvua zikishapita na barabara zikikauka. Kama hakuna gari tutapanda malori ya watu. Safari hii nimeipanga mimi. Nitakaa chini kando yako, nitavua viatu, nami nitakusimulia yote kwa mdomo, bila haraka, kuanzia asubuhi ile niliyoinua uso kutoka kwenye beseni. Yapo mengine hapa ambayo nikiyaandika yanakuwa madogo.

Pumzika, mume wangu. Usiende mbali na hicho kilima.

Mimi wako,
Skolastika, Mama Adela